Ngoma zitabaki na nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Morogoro. Nilisomea sanaa za maonyesho, na kwa miaka mitatu sasa nafundisha ngoma na maigizo shule za msingi kwa mkataba wa muda. Shirika moja limenipa nafasi ya kujitolea wiki sita, kuanzia Oktoba, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, nifundishe vijana. Sitalipwa. Natakiwa kuchangia Sh 950,000, na nauli juu yangu. Ratiba inasema kila Ijumaa tutatembelea kituo cha yatima, na wiki ya mwisho kutakuwa na onyesho kubwa la kufunga. Mama anasema ni kutupa pesa. Rafiki zangu wanasema bahati haiji mara mbili. Je, niende? Na nikienda, nibebe nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kwenda kwanza, kubeba mwisho. Mimi nitaanza na kubeba, maana huko ndiko nilikoungulia.

Mwaka 2008 nilivuka mpaka nikiwa na ngoma sita juu ya keria ya basi: msondo mbili, vumi moja, chapuo tatu, zote mpya, zimewambwa na fundi ninayemwamini. Zilikuwa zinakwenda kwenye kambi ya wakimbizi ambayo sitaitaja. Nilikaa wiki tano. Vijana walishika haraka kuliko wanafunzi wangu wa nyumbani, na siku ya onyesho la kufunga uwanja ulifurika, wakubwa wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, nikapigwa picha mpaka nikachoka kutabasamu. Jioni ile tukazifungia ngoma stoo, ufunguo akaachiwa ofisa mmoja kijana, mtu mwema kabisa. Baada ya miezi minane nikapita tena kwa shughuli nyingine. Nikawakuta vijana wangu wanapiga madumu ya mafuta ya kula. Yule ofisa alikuwa amehamishwa, ufunguo haujulikani uliko, na hakuna aliyethubutu kuvunja kufuli la ofisi kwa ajili ya ngoma. Likavunjwa mbele yangu. Panya walikuwa wamekula ngozi mbili, tatu zimelegea kwa unyevu, moja tu ndiyo iliyolia. Nikauliza kwa ukali kwa nini hawakuzidai. Kijana mmoja akanijibu taratibu, "Mwalimu, zile si zilikuwa ngoma zako?"

Tangu siku ile kazi ya kujitolea naipima kwa swali moja: nikishaondoka, ufunguo anao nani? Ufunguo wa stoo ni sehemu ndogo tu ya swali. Nani anaweza kuanzisha mazoezi bila mimi? Daftari la majina liko kwa nani? Nani akienda kwa mwenyekiti kuomba uwanja anapewa? Kwa hiyo ninakuambia nenda, lakini si kwa ratiba hiyo waliyokuandikia.

Nimtetee mama kwanza. Hajakosea kuuliza pesa. Sh 950,000 kwa siku 42 ni kama Sh 22,600 kwa siku. Kama ndani yake kuna kitanda chenye chandarua, chakula na usafiri wa kila siku kutoka unapolala mpaka unapofundisha, si wizi. Mtu hali hewa, na shirika dogo halina mfuko wa kukulisha. Kama ndani yake kuna "uratibu" na "cheti" halafu chakula unajitegemea, hapo nami ningenyanyua nyusi. Omba mchanganuo kwa maandishi, mstari kwa mstari. Shirika lililo safi hukutumia siku hiyohiyo. Na usikope. Wewe ni mwalimu wa mkataba; wiki sita bila kipato tayari ni mchango wako, hata kama hakuna atakayeuandika popote.

Lakini swali la pesa lenye uzito kuliko yote silo hilo. Uliza hivi: kuna msanii wa palepale Nakivale anayelipwa posho kufundisha? Maana wapo. Katika makazi yenye watu wengi namna ile huwezi kukosa mwalimu wa kwaya, mchekeshaji, fundi wa kuwamba ngoma, kijana anayerekodi muziki kwa simu. Ikiwa shirika linakuchukua wewe kwa sababu wewe unalipa, na kumwacha yeye kwa sababu yeye angelipwa, basi hujaenda kujitolea. Umekwenda kununua nafasi ya mtu. Waambie uko tayari kuja iwapo sehemu ya mchango wako itakuwa posho ya wasaidizi wawili wa hapohapo kwa wiki zote sita. Wakishtuka, umeshajua.

Hizo Ijumaa za kituo cha yatima zikatae, na usione haya. Wakazi wa Arusha na Moshi wanazijua ziara za namna hiyo: wageni wanashuka, watoto wanaimba, pipi zinagawiwa, picha, kwaheri. Sehemu nyingi duniani watoto walio kwenye vituo vinavyoitwa vya yatima wana mzazi aliye hai, au bibi, au shangazi; kilichowapeleka pale ni umaskini. Na kituo kinachoishi kwa wageni huhitaji watoto wa kuwaonyesha wageni. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto ambalo, pamoja na mengine, linazitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo hivyo. Mtoto anayezoea mtu mpya kila baada ya wiki sita, kisha akampoteza, hafundishwi kuimba. Anafundishwa kuachwa. Ijumaa zako zitumie kukaa na wale wasaidizi wawili mkipanga wiki inayofuata.

Sasa Nakivale yenyewe. Iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipoanza kupokea Wanyarwanda. Usije ukawaza kambi ya mahema yenye senyenge. Ni vijiji, vimetawanyika, vina maduka, makanisa, misikiti, vibanda vya kuchaji simu na mashamba ya mahindi na maharage. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na kwenye makazi familia hupewa kipande cha ardhi. Wengi wao ni Wakongo. Wapo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kuna mtu mzima pale aliyezaliwa hapo, akaoa hapo, na mwanawe sasa anatafuta kazi. Ukimwendea na sauti ya "nimekuja kuwaletea sanaa" atakusikiliza kwa adabu, kwa sababu wageni wenye sauti hiyo amewasikiliza tangu utoto.

Tumezoea kumcheka Mzungu anayetua na gitaa, akakaa wiki mbili, akaondoka na nywele za kusukwa. Ukishavuka mpaka wa Mutukula, mwanangu, Mzungu ni wewe.

Na sanaa utaikuta imekaa. Warundi wana ngoma ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mti wa kuzichonga, umuvugangoma, ndio ule ambao kwetu Kilimanjaro tunauita mringaringa. Hapa kuna mtego nikuonyeshe. Oktoba 2017 Burundi ilitoa amri ya rais iliyokataza wanawake kuzipiga ngoma hizo na kuyataka makundi yaombe kibali. Nakivale ni Uganda, amri haifiki huko, lakini watu husafiri na mambo yao. Wewe kwenu Morogoro binti akikamata chapuo ni jambo la kawaida. Ukimsimamisha binti wa Kirundi mbele ya ngoma zile, baadhi ya wazee wataona umevunja kitu, na baadhi ya wasichana wataona umefungua mlango waliousubiri. Nani mwenye haki ya kuamua? Si wewe. Kaa na wasichana peke yao, kaa na wazee peke yao, uliza, kisha subiri. Nimewahi kuona suala kama hilo likichukua siku tisa, na jibu lililotoka lilikuwa zuri kuliko langu: wasichana waliunda kundi lao kwa ngoma za aina nyingine, na wazee wakaja kutazama.

Wasomali hawatakuja na ngoma kwanza. Watakuja na neno. Wanawake wao wana utenzi wao, buraanbur, unaotungwa na kughaniwa harusini na kwenye mambo ya jamii, na mama mmoja mwenye kipaji hukinyamazisha chumba kizima kwa beti chache. Ukiandaa mafunzo ya "kuruka na kucheza" mchanganyiko wa wavulana na wasichana, huyo hutamwona kabisa, halafu utaandika kwenye ripoti kuwa Wasomali hawakuvutiwa. Wakongo wana kwaya zenye sauti nne zilizopangwa bila karatasi, na rumba yao, iliyoingia orodha ileile ya UNESCO mwaka 2021. Wanyarwanda wana intore, mchezo wao wa ngoma. Una mengi ya kufundishwa kabla hujafungua mdomo.

Ulichonacho wewe, na ambacho yule mwenye gitaa hana, ni Kiswahili. Ndiyo lugha inayowaunganisha wengi pale, hasa Wakongo na Warundi. Ila kuna jambo. Kiswahili chako cha Morogoro kitasikika kama cha redio, au cha mwalimu wa zamu. Mwenzako atasema "batoto bamekuja", "minajua", "iko muzuri". Usimsahihishe. Hata kwa uso usimsahihishe. Siku moja nilimsahihisha mvulana katikati ya igizo, kwa mazoea tu ya darasani, na hakusema neno jukwaani kwa wiki nzima. Igizo la Nakivale liigizwe kwa Kiswahili cha Nakivale. Tena kumbuka wenyeji wa Isingiro ni Wanyankole, lugha yao ni Runyankore, na kwa Waganda wengi Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu harufu ya jeshi na polisi. Watoto wa wenyeji nao waalikwe, na mtu wao wa kutafsiri awepo, la sivyo watabaki nje ya duara wakirusha mawe. Hayo nayo nimeyaona.

Wiki ya kwanza usifundishe. Najua shirika litataka picha za darasa. Waambie umefundishwa hivyo na mzee mmoja mkaidi. Nenda kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye harusi, kwenye kibanda cha video, omba ufundishwe wimbo mmoja na ukosee mbele za watu. Walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na mwenzao Eberhard Chambulikazi, walipofanya kazi kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakwenda na tamthilia mkononi. Waliingia kijijini, wakauliza, wakasikia, kisha wanakijiji wakatengeneza maonyesho kwa ngoma na majigambo yao wenyewe, na walimu wakarudi tena na tena. Miaka michache kabla ya hapo, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka tamthilia ikiwa imeandikwa, lakini wanakijiji waliisahihisha mazungumzo yake na nyimbo zake mpaka ikawa yao. Ilichezwa 1977 mbele ya umati, serikali ikaipiga marufuku mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila mashtaka, na ukumbi waliojijengea wanakijiji ukabomolewa na polisi 1982. Kisa hiki sikusimulii ili uonekane shujaa. Nakusimulia kwa sababu ya ukumbi. Watu waliujenga kwa mikono yao, na ndio waliobaki wakiutazama ukibomolewa.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo vijana wengi wa sanaa hawapendi nikilisema. Mbrazili Augusto Boal, mwanamaigizo aliyefariki 2009, alikuwa na kisa chake cha kujicheka. Akiwa kijana, kundi lake la wasanii wa mjini lilikwenda kaskazini mashariki mwa Brazili kuwaigizia wakulima. Mwisho wa igizo wasanii walinyanyua bunduki wakiimba kwamba damu yetu imwagike kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akaja analia kwa furaha: tule kwanza, kisha twendeni na bunduki zenu tukamtoe bwana mkubwa aliyetunyang'anya shamba. Ikabidi waeleze kuwa bunduki zile ni za maonyesho, hazipigi. Mkulima akasema si neno, tunazo za kweli, njooni tu. Wakakiri hawawezi kwenda. Naye akaelewa kwamba damu waliyokuwa wakiiimbia si yao, ni yake. Boal anasema toka hapo aliapa kutomwambia tena mtu mwingine afanye lile ambalo yeye mwenyewe hathubutu, na katika safari hiyo ndefu ndipo alipofika kwenye maigizo shirikishi tunayoyafanya leo, ambapo mtazamaji anasimamisha igizo, anaingia jukwaani na kujaribu njia yake mwenyewe.

Nakivale vijana watataka igizo kuhusu mgao wa chakula. Tangu 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu ya uhaba wa fedha, na njaa haihitaji mwandishi. Watataka pia kumwigiza kiongozi fulani, na kila mtu uwanjani atajua ni nani. Watakuwa wamechekesha sana. Wewe baada ya wiki sita una pasipoti na basi la kurudi. Wao wana foleni ileile na kiongozi yuleyule. Usiwakataze, wala usiwachochee. Waulize tu, mkiwa mmekaa chini, mlango umefungwa: onyesho likiisha, kesho yake nini kinaweza kutokea, na kwa nani? Waache waamue wenyewe kama waseme wazi, wafiche kwa hadithi, au waahirishe. Sungura na Fisi waliumbwa kwa kazi hiyo. Kwa Wanyarwanda sungura huyo ni Bakame, mjanja uleule. Mpe kilo za unga agawe uone kama kuna mtu atakosa kuelewa.

Hadithi hizo zina kazi ya pili. Kamwe usimwombe mtoto au kijana aigize yaliyomtoa kwao. Wapo wafadhili wanaopenda hivyo, onyesho lenye kilio huvuta pesa. Kumfungua mtu kidonda mbele ya watu ni rahisi, igizo linaweza kufanya hivyo kwa dakika tano. Kukifunga ni kazi ya watu waliosomea, na inachukua miezi. Wewe si mmoja wao, wala mimi. Akisimulia mwenyewe, msikilize, usimhoji, usimwahidi kwamba itakuwa siri, na siku hiyohiyo mfikishe kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto kwenye makazi. Jina na namba ya mtu huyo uwe nayo kabla ya darasa la kwanza. Usikae na mtoto peke yako chumbani. Picha za sura za watoto usirushe mitandaoni, hata mama zao wakisema sawa, kwa sababu kuna waliomkimbia mtu anayejua kutafuta. Na jambo moja la kulipima shirika lako: wamekuomba hati ya polisi ya tabia njema? Kama wanakupeleka kwa watoto na hawajaiomba, wanapeleka na wengine bila kuuliza.

Lile onyesho kubwa, waambie walisogeze wiki ya nne. Hili ndilo badiliko ninalolipigania kuliko yote. Onyesho likiwa mwisho, wiki zote sita zinageuka mazoezi ya siku moja. Wewe unashika kila kitu ili usiaibike, halafu makofi yakiisha kila mtu anakwenda kwake na wewe unapanda gari. Likiwa wiki ya nne, mna wiki mbili za kuishi baada ya makofi. Wiki ya tano wasaidizi waendeshe mazoezi, wewe ukae kwenye benchi ufumbe mdomo, jambo gumu kuliko kufundisha. Wiki ya sita siku mbili nzima usitokee kabisa. Kaa nyumbani ufue nguo. Jioni waulize: walikuja wangapi, nani aligombana na nani, mliamuaje? Yaliyovunjika siku hizo mbili mtayarekebisha mkiwa bado pamoja.

Kuhusu saa na majira: Oktoba ni mvua upande ule, watu wako shambani asubuhi. Mazoezi yawe saa 10 alasiri, dakika 90, na pawe na paa, hata la kanisa au la shule, mkishakubaliana kwamba Waislamu nao watajisikia huru kuingia. Siku ya mgao, wa chakula au wa fedha, usipange kitu. Hutapata hata mtu wa kukuambia kwamba hakuna watu.

Safari yenyewe haina shida kubwa. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, ila hati ya kusafiria lazima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Mabasi mengi hupita Mutukula, Masaka hadi Mbarara, kisha unashuka kuelekea Isingiro. Kama utakuwa Karagwe au Kyerwa, kuna mpaka wa Murongo kwenye mto Kagera; ng'ambo yake ni Kikagati, na hapo tayari uko wilaya ya Isingiro. Kuingia na kufanya kazi ndani ya makazi kunahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda, ndiyo inayosimamia wakimbizi. Shirika ndilo la kuiomba. Wewe dai nakala. Na waulize kwa maandishi wanakuingiza nchini kwa hadhi gani, maana kujitolea nako ni kazi machoni pa uhamiaji, na mwenye kutozwa faini mpakani huwa ni msafiri.

Kubeba, sasa. Ngoma usibebe hata moja. Chukua pesa ya ngoma mbili, ukamtafute fundi ndani ya Nakivale, mkubaliane bei mbele ya vijana, nao wachangie hata kwa kwenda kutafuta ngozi. Akikosekana kabisa, Uganda ina wachongaji mashuhuri kijiji cha Mpambire, barabara ya Kampala kwenda Masaka, lakini hiyo iwe njia ya mwisho. Ngoma iliyotengenezwa palepale ikilegea kwa mvua, aliyeiwamba yupo jirani. Beba daftari gumu la mistari, kalamu, sindano nene za mshona viatu na uzi wake, kandambili, koti la mvua, na khanga mbili: khanga ni pazia, ni vazi la jukwaani, ni mtoto mchanga wa kwenye igizo. Fulana zenye jina la shirika waachie wao.

Huenda unataka kujua ufunguo wangu wa stoo ulifikia wapi. Mwaka uliofuata tuliwamba upya ngozi tano, tukafanya mkutano wa kuamua zikae wapi. Ofisi ikapendekeza ofisi. Vijana wakasema kwa mama muuza vitumbua aliyekuwa na kibanda mbele ya uwanja, kwa sababu yeye yupo saa 12 asubuhi hadi giza, na hacheki na mtu. Nilidhani wanatania. Aliandika kila ngoma inayotoka na anayeichukua, kwenye ukuta wa kibanda kwa mkaa, na asiyerudisha hakuuziwa vitumbua.

Wiki hii, kabla ya kukata tiketi, waandikie hivi, kwa maneno yako: "Nashukuru kwa nafasi. Kabla ya kulipa naomba mchanganuo wa Sh 950,000, nakala ya ruhusa ya kufanya kazi ndani ya makazi, na jina la anayehusika na ulinzi wa watoto. Sitashiriki ziara za kituo cha yatima. Naomba onyesho liwe wiki ya nne, na sehemu ya mchango wangu iwe posho ya wasaidizi wawili wa Nakivale. Tafadhali niambieni pia nani aliendesha mazoezi kabla yangu, na vifaa vyake viko wapi."

Hilo swali la mwisho ndilo utakalolisoma jibu lake mara mbili. Wakikutajia mtu na mahali, lipa uende. Wakikujibu kwamba vifaa viko salama ofisini, nipigie kwanza.